Gereza Lililoitwa Kituo cha Marekebisho



Mwaka 1962 Aleksandr Solzhenitsyn, aliyewahi kufungwa katika makambi ya Umoja wa Kisovieti, alichapisha kisa cha siku moja tu ya mfungwa aitwaye Ivan Denisovich. Dola iliyodai kuwa ya wafanyakazi iliyaita makambi hayo ya kurekebisha watu kwa kazi. Ndani yake wafanyakazi walikufa kwa njaa na baridi. Maandishi ya namna hiyo hayakutoka Urusi peke yake. Mengine waandishi wake walipitia hapa kwetu Morogoro.

Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya Mazimbu, chini ya Uluguru, mwaka 1977, na ya Dakawa mwaka 1982. Ukarimu huo tunajivunia kwa haki. Kabla ya hapo, mwaka 1969, ANC ilifanya mkutano mkubwa mjini petu. Chanzo chake kimoja kilikuwa malalamiko: Chris Hani na wenzake waliandika waraka wa kuwakosoa viongozi, wakafukuzwa, kisha wakarudishwa.

Mwaka 1984, huko Angola, askari wa ANC walidai jambo lile lile, yaani mkutano mkuu. Waliasi, damu ikamwagika, saba wakauawa kwa kupigwa risasi, na wengine wakatiwa Quatro, gereza lililofunguliwa mwaka 1979. Majasusi wa Makaburu walikuwamo kweli kambini, hilo lisifichwe. Lakini wana usalama, ambao baadhi yao walifunzwa Urusi na Ujerumani Mashariki, walikuwa na hesabu nyepesi: chama hakikosei, basi anayelalamika ni wakala wa adui. Asiyekiri aliteswa mpaka akiri; na akikiri, ushahidi umepatikana. Rasmi mahali hapo paliitwa kituo cha marekebisho.

Walipoachiwa mwishoni mwa mwaka 1988, baadhi yao waliletwa Dakawa. Hapo ndipo panapotufikirisha zaidi. Mwaka 1989 wenzao waliokuwa uhamishoni Tanzania waliwachagua baadhi yao katika kamati ya uongozi. Uongozi wa juu ukaifuta kamati hiyo. Waliokwisha kufungwa kwa kudai mkutano waliadhibiwa tena, safari hii kwa kuchaguliwa!

Mwaka 1990 watano miongoni mwao walichapisha ushuhuda wao. Mwaka 1994 Mwezi Twala alitoa kitabu kiitwacho Mbokodo, yaani jiwe la kusagia. Hilo ndilo jina ambalo askari waliipachika idara ya usalama. Solzhenitsyn alifukuzwa nchini mwake mwaka 1974. Hawa angalau walisikilizwa: tume mbili zilizoundwa na ANC yenyewe zilithibitisha mateso hayo, mwaka 1992 na 1993.

Mazimbu na Dakawa zilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992. Tunaziomba jumuiya ndogondogo za maeneo hayo ziwatafute wazee waliofanya kazi pale miaka ile, ziwasikilize, na kuyaandika wanayoyakumbuka, matamu na machungu.