Keith Hart na biashara za barabarani Fordsburg

Ukitembea jioni katika mtaa wa Fordsburg, magharibi kidogo ya katikati ya jiji la Johannesburg, utawakuta wachuuzi wamepanga nguo na vyakula kando ya barabara. Je, watu hawa wana kazi, au hawana?

Swali la namna hiyo alilishughulikia Mwingereza Keith Hart, mwanaanthropolojia wa uchumi aliyezaliwa Manchester mwaka 1943. Katika miaka ya 1960 aliishi Nima, mtaa wa wanyonge mjini Accra, Ghana, miongoni mwa Wafrafra waliohamia kutoka kaskazini. Wataalamu wa uchumi waliwahesabu watu kama hao kuwa hawana ajira. Hart aliwaona wakishona viatu, wakipika pombe, wakikopeshana fedha. Katika mkutano uliofanyika Sussex mwaka 1971 alieleza kwamba hawakukosa kazi, bali walikosa mshahara wa kudumu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitumia wazo hilo katika ripoti yake kuhusu Kenya, na jina la sekta isiyo rasmi likaenea ulimwenguni. Wakenya wao huiita jua kali.

Hata hivyo, jina hilo lina upungufu, na Hart mwenyewe alikuja kuutaja: lasema kinachokosekana, halisemi kilichopo. Na anayeamua kipi ni rasmi ni mwenye mamlaka. Fordsburg yalijua hilo. Soko la Oriental Plaza lilijengwa humo katika miaka ya 1970 ili kuwapokea wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, ambao serikali ya ubaguzi wa rangi iliwafukuza Pageview, penye maduka yao yaliyostawi. Tena mwaka 2013, chini ya serikali ya kidemokrasia, manispaa ya Johannesburg iliwaondoa maelfu ya wachuuzi katikati ya jiji, wakiwemo wenye vibali. Tarehe 5 Desemba mwaka huo Mahakama ya Katiba iliwaruhusu kurejea kwa muda, wakisubiri kesi yao isikilizwe.

Baadaye Hart alishiriki kuongoza utafiti katika Chuo Kikuu cha Pretoria juu ya uchumi unaomweka binadamu mbele. Funzo lake ni hili: kabla ya kumwondoa mchuuzi, tuulize kwanza anawalisha wangapi.