Doa Analia: Maumbo na Ubunifu katika Vitabu vya Picha vya Watoto

Neno umbo limezaliwa na kitenzi kuumba. Hata hivyo, kitabu cha picha kifunguliwapo mbele ya mtoto wa miaka minne, aghalabu umbo hugeuzwa mtihani wa msamiati: hili duara, huu mraba, hii pembetatu. Mtoto hukariri, ukurasa hufunuliwa, na hakuna kilichoumbwa.

Mwaka 1959 Leo Lionni, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa jarida la Fortune nchini Marekani, alichapisha kitabu chake cha kwanza cha watoto, Little Blue and Little Yellow. Kisa kilianzia ndani ya treni. Ili kuwatuliza wajukuu wake wawili, alichana vipande vya rangi kutoka jarida la Life, akavitungia hadithi. Wahusika ni madoa yaliyokaribia duara, yasiyo na macho wala midomo. La buluu na la njano hukumbatiana, yakawa kijani. Wazazi huwakana, nao hulia.

Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili hulazimika kuamua: doa linalia, au doa analia? Watoto wengi watasema analia. Wapo walimu watakaomsahihisha mtoto papo hapo kwa jina la sarufi, na sarufi haiwaungi mkono. Kiswahili husema kiboko amelala, si kimelala. Uhai hushinda kiambishi cha nomino. Mtoto huyo amelihamisha doa kutoka kundi la vitu hadi kundi la viumbe, na kiumbe ni mzawa mwingine wa kuumba. Kumrudisha kwenye linalia ni kumnyang'anya hadithi aliyokwisha kuianza.

Istilahi zenyewe si za kudharauliwa. Mraba, mstatili na duara yametokana na Kiarabu, hivyo mtoto huyapokea kama majina matupu. Pembetatu hujieleza, maana pembe zake zahesabika kwa kidole. Lakini istilahi ingoje zamu yake. Swali "Anakwenda wapi?" litangulie "Hili ni nini?"

Wala kukosekana kwa kitabu si kikwazo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32. Katika mbao nyingi, mawili yaitwayo nyumba huchongwa mraba, mengine yakiwa duara. Mtoto aulizwe ni nani akaaye katika nyumba ya mraba, na kwa nini majirani zake wote wana nyumba za duara.