Kwa Nini Wauguzi Wengine Hawaondoki



Tumeombwa kusema machache kwa habari ya wauguzi. Twawajua sote, maana ni nyumba gani isiyopata kupita mikononi mwao? Lakini mwuguzi akiacha kazi twasema upesi kwamba amechoka, au mshahara haukumtosha. Hayo mara nyingi ni kweli, ila si yote.

Huko Marekani, wakati hospitali nyingi zilipopungukiwa na wauguzi, chama kiitwacho American Academy of Nursing kiliona vema kuligeuza swali. Hakikuuliza kwa nini wauguzi waondoka, bali kwa nini wengine wakaa. Kilichungua hospitali 163, na mwaka 1983 kikatangaza 41 zilizoweza kuwavuta wauguzi na kuwashika. Hizo zikaitwa hospitali za sumaku.

Basi, ndani yake mlikuwa na nini? Metroni alionekana wodini, si ofisini tu, na mwuguzi mdogo aliweza kumwendea. Wauguzi waliulizwa shauri juu ya zamu zao na juu ya utunzaji wa wagonjwa. Madaktari walisema nao kama wenzi wa kazi. Mgeni hakutupwa wodini peke yake, bali alifundishwa kwanza. Twaona hayo si mambo ya fedha nyingi. Mwuguzi aliyefiwa na mtoto mikononi mwake alfajiri, akimpata mwenzake wa kumwambia, "Dada, kaa kidogo, nitakushikia vitanda vyako," huyo aweza kurudi kesho.

Walakini tusijidanganye, wala wakubwa wasijifiche nyuma ya maneno haya. Upendo wa wenzi haupunguzi hesabu ya wagonjwa. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa hospitali 168 za Pennsylvania: palipozidi mgonjwa mmoja kwa kila mwuguzi, uwezekano wa mwuguzi kuishiwa nguvu za moyo ulizidi kwa asilimia 23, na uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa katika siku 30 ulizidi kwa asilimia 7. Na zile hospitali za sumaku zenyewe zilikuwa na wauguzi wa kutosha.

Kwa hiyo wale kati yetu waketio katika kamati za hospitali na zahanati, wakiletewa ramani ya wodi mpya, kwanza na waulize ni wauguzi wangapi watakaoilinda usiku, na mmoja wao akiugua, ni nani atakayeshika zamu yake.