Kwa Nini Tunachangia na Mafunzo

Asanteni kwa kufunga maduka mapema. Tunajua Jumamosi ya Kariakoo haifungwi hivi hivi.

Mwaka huu tunachangia mashine ndogo ya altrasaundi kwa hospitali ya nyumbani, ile ambayo daktari huisogeza hadi kitandani kwa mgonjwa. Wengine mmeuliza kwa nini bajeti ina fungu la mafunzo. Mashine ikifika si inafanya kazi?

Mnamkumbuka mwenzetu aliyeanguka kutoka juu ya lori la mizigo hapa Msimbazi. Tulikomkimbiza, daktari alimpaka jeli tumboni, akatazama mara moja, akasema hakuna damu. Tukashusha pumzi. Usiku jasho likamtoka, mapigo ya moyo yakaenda mbio, na hakuna aliyempima tena mpaka alfajiri. Bandama ilikuwa inavuja. Alipasuliwa, akapona, na leo amekaa pale nyuma na chai yake.

Mashine haikuwa mbovu. Damu ikiwa kidogo huenda isionekane, na mwanzoni mara nyingi huwa kidogo. Daktari aliyefundishwa hutafuta ule weusi kati ya ini na figo, kuzunguka bandama, nyuma ya kibofu na kwenye moyo, kisha hurudia hali ya mgonjwa ikibadilika. Asipoona kitu huandika "sijaona", haandiki "hakuna". Akiwa na shaka humwita aliyemzidi. Na kile kishikio kinachopitishwa mwilini hufutwa kwa dawa kabla ya mgonjwa mwingine. Msicheke, ndicho kinachosahaulika.

Walimu wapo, tena jirani zetu. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa tiba ya dharura. Ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, Upanga ilikuwa karibu. Kutoka nyumbani, Muhimbili ni safari ya basi ya kutwa nzima.

Kwa hiyo tunaomba fedha za mashine, za kuwafundisha madaktari wawili, na nauli ya mwalimu kwenda baadaye kukagua picha walizohifadhi. Asiye na taslimu leo aandike ahadi. Daftari liko kwa mweka hazina, meza ya mlangoni, na risiti inatolewa palepale.