Mizani ya Kijiji



Tumwonapo mtoto aliyedhoofu, twafanya haraka kumlaumu mama yake. Mkoa wa Iringa ulitufundisha vingine. Katikati ya miaka ya 1980, Serikali yetu, ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, iliendesha mpango wa lishe ulioanzia katika vijiji 168. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito hapo hapo kijijini, na matokeo yakajadiliwa na halmashauri ya kijiji. Hawakuulizana mama ana kosa gani, bali kwa nini mtoto amepungua, na wao wafanye nini kwa vile walivyo navyo.

Mara nyingi chakula kilikuwamo nyumbani. Lakini mama alikuwa shambani, kisimani na porini kutafuta kuni, na mtoto alikula mara chache mno kwa siku. Hivyo vijiji vikaanzisha mahali pa kulelea na kulishia watoto. Uji mzito ukalainishwa kwa unga wa kimea, ili tumbo dogo lipate chakula cha kutosha. Utapiamlo mkali ukapungua.

Ndugu zangu, haki huanzia nyumbani. Baba anayemwachia mke mjamzito jembe, ndoo na mtoto mgongoni, anampunguzia mtoto huyo chakula. Kila jumuiya na iwajue watoto wake waliopungua uzito, na ikae kulizungumza jambo hilo, wanaume wakiwapo. Siku Bwana atakapotuuliza habari za wenye njaa, hatawauliza akina mama peke yao.