Kuunda Vyombo Vidogo vya Mbao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Majengo, Songea)



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya kazi niifanyayo jioni baada ya saa za ofisi, yaani kuunda mifano ya vyombo vya baharini kwa mbao. Najua wamo humu wanaoona ajabu kwamba mtu mzima, tena mwenye kazi ya Serikali, hukaa na vijiti na gundi katika mji ulio mbali na bahari kama huu wetu. Sitawajibu kwamba kazi hii hupumzisha akili, ijapokuwa ni kweli. Nitawajibu kwa neno moja ambalo kila karani alijua, nalo ni nakala.

Barua ya asili ikiliwa na mchwa, nakala iliyo katika jalada ndiyo itoayo ushahidi. Basi mfano uliopimwa vizuri ni nakala ya chombo. Na katika pwani yetu vimo vyombo ambavyo asili yake imekwisha kupotea.

Mashuhuri katika hivyo ni mtepe. Mtepe uliundwa upande wa Lamu, Pate na visiwa vya Wabajuni, ukachukua boriti na mizigo mingine hata Mombasa na Unguja. Mbao za ubavu wake hazikupigwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Tanga lake lilikuwa mkeka wenye pembe nne, wala si la pembe tatu kama la jahazi. Na omo yake ilitokeza mbele kama shingo ya ngamia, ikatiwa macho pande mbili. Kabla ya karne ya ishirini kufika katikati, mitepe ilikuwa imekwisha kutoweka baharini. Mwanzoni mwa karne hii mafundi walipounda tena mtepe mzima ili uwekwe katika Jumba la Ajabu, Unguja, hapakuwapo mtepe wa zamani wa kuupima. Ilibidi kutegemea picha, maandishi, na mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho. Fikirini, mabwana: mtoto ndiye aliyemzaa mzazi.

Nanyi mwajua yaliyolipata jumba lenyewe, lililojengwa 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka, na watu wakafa. Nakala moja iliyowekwa mahali pamoja haitoshi.

Huenda mtu akauliza: Je, picha haitoshi? Haitoshi, kwa sababu picha huonyesha kazi iliyokwisha, wala haionyeshi ni lipi lililotangulia. Hapa nataka nikae kidogo.

Huko Italia na Hispania viko viwanda viuzavyo sanduku lenye vipande vya meli vilivyokatwa tayari: mkuku, mataruma, mbao nyembamba kama utepe, nyuzi za kamba, na mchoro mkubwa wa karatasi. Mnunuzi husimamisha mkuku, hupachika mataruma, kisha huloweka zile mbao katika maji ya moto na kuzipinda juu ya mataruma, mmoja mmoja. Ni kazi ya miezi. Nimeifanya, wala siidharau, maana ndiyo iliyoufundisha mkono wangu kwamba ubao wa ubavuni lazima upunguzwe upana kuelekea omo, la sivyo hupandana na mwenzake. Walakini sanduku hilo hufundisha utaratibu wa Ulaya, yaani mifupa kwanza na ngozi baadaye. Fundi wa mtepe alikwenda kinyume. Alianza na ngozi. Alitoboa matundu ukingoni mwa ubao kwa keekee, akatia vijiti kati ya ubao na ubao ili visiteleze, akashona. Na ubavu ulipokwisha kupata umbo kwa jicho lake tu, ndipo alipotia mataruma ndani na kuyafunga kwa kamba. Mtu akiunda mtepe mdogo kwa kuanza na mataruma, ameandika nakala ya uwongo hata kama kwa nje wafanana. Mifano mingi ichongwayo pwani kuuzwa kwa wageni ni ya namna hiyo; yapendeza rafuni, lakini haina ushahidi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba chombo cha kufungwa sandukuni ni mchezo tu. Meli Graf Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916. Ikaopolewa 1924, na tangu 1927 jina lake ni Liemba. Ziwa letu la Nyasa nalo lilipata Hermann von Wissmann kwa vipande vilivyopitishwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikashushwa majini 1893. Ndiyo iliyoshambuliwa kwa mizinga hapo Liuli, katika mkoa wetu huu, mwezi Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu. Lakini hizo ni za chuma, nami nimeitwa kusema ya mbao.

Kwa habari ya vifaa, Songea haitupungukii. Mninga ni mti mwema kwa kabati, ila nyuzi zake ni nene mno kwa kazi hii: ubao wa sentimita mbili na nusu, ukipunguzwa mara hamsini, wawa nusu milimita, na mninga hupasuka kabla ya kufika hapo. Mimi hutumia mabaki ya msindano kwa mbavu, na mianzi iliyopasuliwa kwa mataruma na milingoti. Nazi hatuna, uzi wa katani uliochanuliwa sana hushona vizuri. Kulainisha, jani la msasa lafanya kazi sawa na karatasi iliyochukua jina lake.

Sasa naleta ombi langu, na Bwana Mweka Hazina amekwisha kuniuliza gharama yake. Sikusudii chama kinunue sanduku la Ulaya. Naomba utepe wa kupimia, msumeno mdogo, patasi mbili, na nauli ya watu wawili kwenda Mbamba Bay kwa njia ya Mbinga. Huko iko mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja, na miti minene ya kuichonga imekuwa haba. Mitumbwi ya mbao yachukua mahali pake. Mtumbwi hauna sanduku lake kiwandani, wala hautapata. Tukiupima mmoja kwa ruhusa ya mwenyewe, mtumbwi wa mita sita kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili utakuwa wa sentimita hamsini, yaani watosha juu ya meza. Tena tumwulize fundi majina ya sehemu zake kwa lugha yake, tuyaandike kama ayatamkavyo, na tumwulize pia ni pigo gani la tezo hutangulia. Waswahili hawasemi kujenga jahazi, husema kuunda. Sisi maofisini twaunda kamati na tume, na neno hilo tumelikopa kwa mafundi wa vyombo bila kulilipia. Mfano mmoja tuupeleke Makumbusho ya Maji Maji wakikubali kuupokea, wa pili tuupe shule, na vipimo vikae katika jalada la chama.

Zana zangu ziko mezani, pamoja na mtepe ambao haujaisha. Ubavu wa kushoto nimeuacha bila rangi makusudi ili mshono uonekane. Atakaye kuushika na aushike, ila awe mwepesi penye omo. Watakaokwenda Mbamba Bay wampe Bwana Katibu majina yao kabla ya mwisho wa mwezi.