Baharini au Barabarani: Safari Yetu ya Musandam



Kamati imenitaka niseme machache juu ya suala linalotugawa tangu tuanze kupanga mkutano ujao: tukishakutana hapa Deira, twende Musandam kwa meli ya matembezi au kwa gari? Nimekubali kwa sababu suala hili si geni kwetu. Tulilijadili mwezi wa Disemba 2018 sebuleni kwa shangazi yangu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kalamu ya kuandika faida na hasara za kila njia. Nitayaeleza yaliyotokea kama yalivyokuwa, na makosa yangu yakiwemo.

Kwa vijana wasioijua, Musandam ni ncha ya kaskazini kabisa ya Oman, iliyochomoza kwenye Mlango wa Bahari wa Hormuz na kutengwa na sehemu nyingine za nchi hiyo kwa ardhi ya Falme za Kiarabu. Milima yake hushuka moja kwa moja hadi majini, na baina ya milima hiyo bahari imeingia ndani kwa mahori marefu. Wakati wa kiangazi joto lake ni kali kama la hapa. Lakini kuanzia Disemba hadi Februari, mchana huwa wa kupendeza na usiku mtu hutafuta shali. Jabal Harim, ulio nyuma ya mji wa Khasab, una kimo cha zaidi ya mita 2,000, na huko juu baridi ni baridi kweli.

Waliopendelea meli walikuwa na hoja nzuri. Msimu ule meli za matembezi ziliondoka Bandari ya Rashid, ambayo kutoka Deira ni mwendo mfupi kupitia handaki la Shindagha, zikapitia Khasab na Maskati kisha zikarejea Dubai. Mzee hufungua sanduku lake mara moja tu, chakula huwa tayari, na daktari yumo chomboni. Hasara yake ni kwamba nauli hulipwa kwa kichwa, kwa hiyo nyumba yenye watoto wengi huumia. Tena meli hukaa Khasab saa chache za mchana tu, na wakati wake ukifika huna la kumwambia nahodha.

Waliopendelea gari nao hawakuwa na upungufu wa maneno. Kutoka Deira hadi Khasab ni kiasi cha kilomita 200. Mtu hupita Sharjah, Ajman, Umm al-Quwain na Ras al Khaimah, akavuka mpaka penye kituo cha Al Dara, kisha akaifuata barabara iliyochongwa chini ya majabali kando ya bahari, akipita Bukha. Ni mwendo wa saa tatu hivi, foleni ya mpakani mbali. Kinachotakiwa ni bima ya gari inayokubalika Oman na, kama gari ni la kukodi, barua ya ruhusa ya mwenyewe. Zaidi ya hayo, gari humngoja mtu.

Tungeweza kubishana mpaka alfajiri, lakini ilitokea hoja moja iliyomaliza mjadala, nayo ilikuwa Bibi.

Wengi wenu mnamkumbuka. Bibi aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, kwa jahazi, na mtoto mchanga mapajani. Baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, baadhi ya jamaa zetu walihamia Maskati, lakini yeye alibaki Deira. Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kumwona akipanda hata abra ya kuvukia Hori. Akitaka kwenda ng'ambo ya Bur Dubai, alizunguka kwa teksi mpaka Daraja la Maktoum. Kwa hiyo ami yangu alisema, "Bibi na bahari hawapatani. Tusimkumbushe ya zamani." Sote tulitikisa vichwa kukubali. Niliiandika hoja hiyo juu kabisa ya karatasi yangu na kuipigia mstari. Bibi alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, akichambua mchele. Hakuna aliyenyanyuka kwenda kumwuliza.

Tukachagua gari. Usiku wa kuamkia safari, tukikusanya pasipoti, ndipo tulipogundua kwamba ndugu yetu mmoja aliyetoka Dar es Salaam alikuwa na viza ya kuingia mara moja tu. Angevuka mpaka asingeweza kurudi Dubai kupanda ndege yake, na hata kwa meli mambo yangekuwa yale yale. Alikuwa amejibana mwaka mzima kupata nauli ya kuja kukaa nasi. Asubuhi alisimama mlangoni na mkewe akatupungia mkono. Yeye alicheka, lakini mkewe hakucheka. Kosa hilo lilikuwa letu. Tulikuwa tumeulizana bei za kila kitu, na pasipoti hatukuzitazama.

Khasab tulifika salama. Tulimpeleka Bibi katika ngome ya zamani waliyoijenga Wareno, ambayo uani mwake vimewekwa vyombo vya bahari vya watu wa huko, na kimoja huitwa mashuwa. Bibi aliposikia jina hilo alisimama, akapitisha mkono juu ya mbao zake. "Mashua," alisema. Kisha akamgeukia ami: "Hapa hakuna chombo cha kututembeza?"

Ami akasema, "Bibi, hiyo ni baharini."

"Najua ni baharini. Macho ninayo."

Siku ya pili tulikodi jahazi la kutembeza wageni katika Khor Sham. Mabaharia wawili walimpandisha Bibi pamoja na kiti chake. Tulikiona kisiwa ambacho Waingereza walijenga kituo cha simu ya waya katika miaka ya 1860, na pomboo wakatufuata ubavuni. Bibi alikaa mbele muda wote, shali kichwani, asitake hata chai. Nilimwendea nikamwuliza kwa nini miaka yote ile hakupanda abra.

"Magoti," alijibu. "Ngazi za kivukoni zinaniumiza. Bahari haikunifanya kitu, ndiyo iliyotufikisha. Hayo mengine mmejitungia nyinyi."

Nikamwambia kwamba tuliacha meli kwa ajili yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nimeingia Dubai kwa bahari mara moja tu, usiku, nikitapika. Ningependa kuingia tena mchana. Lakini hamkuniuliza."

Tulimwahidi kwamba mwaka unaofuata tutamchukua kwa meli. Mwaka 2019 fedha hazikutosha. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, meli zikasimama na mipaka ikafungwa. Mwaka 2021 Bibi alitangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu zangu, karatasi yangu ya mwaka 2018 ninayo mpaka leo. Hesabu za nauli zilikuwa sahihi, na saa za njiani zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kauli ya wenyewe wanaosafiri. Kwa hiyo ninatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, kila nyumba iwaulize wazee wake, mmoja mmoja, na ilete jibu walilolitamka wenyewe, si tunalowadhania. Pili, miezi sita kabla ya safari kila mtu ampelekee Katibu tarehe ya mwisho ya pasipoti yake na aina ya viza yake, maana awe wa meli au wa gari, anayetoka Falme za Kiarabu lazima awe na haki ya kurudi. Tatu, siku mbili za mwanzo tukae sote Ras al Khaimah. Bahari ni ile ile na milima ni ile ile, tena Jabal Jais una kimo cha mita 1,934 na hauna mpaka wa kuvuka. Hapo hatabaki mtu mlangoni akipunga mkono. Baadaye wenye uwezo wa kuvuka wataendelea mbele.

Mkitaka rai yangu, kwa ukoo wenye watoto wengi kama wetu bado naona gari lafaa zaidi. Lakini akitokea mzee hata mmoja akasema anataka meli, mimi nitamkatia tikiti na kufuatana naye, na nyinyi mtatukuta bandarini tukirudi, mchana, inshallah.